Mwenyekiti Aliyewapa Waume Zetu Mtihani

Nikitaka kumwelezea Mwenyekiti wetu, inabidi nianze na viti.

Kikundi chetu cha kukopeshana kinakutana Buza, kwenye darasa la chekechea, kila Jumatano watoto wakishatoka. Viti vya humo ni vya watoto, vile vya plastiki vyekundu na vya bluu, ukikaa magoti yanakuja mpaka usawa wa kidevu. Sie wanawake tulikuwaga hatuna habari navyo, tunatandika mkeka tunakaa chini. Lakini mume wa mtu akija, Mwenyekiti anamvutia kiti.

"Karibu shemeji. Kaa hapo."

Shemeji anaangaza macho kutafuta kiti kingine. Hakuna. Anakaa. Baba mzima na tumbo lake, kachomekea shati, simu mbili mfukoni, kakalia kiti chenye picha ya bata. Mwenyekiti mwenyewe yuko juu kwenye meza ya mwalimu, miguu inaning'inia.

"Mkeo kaomba mkopo. Unajua?"

"Najua."

"Anafanya biashara gani?"

Hapo ndipo wengi walipoanza kutoa leso. Mume wa mwenzetu mmoja anayekaanga samaki alifikiri, akamtazama mkewe, akafikiri tena, akasema, "Anauza vitenge." Darasa zima likaangua kicheko. Mwenyekiti hakucheka.

"Shemeji, unalala naye chumba kimoja?"

"Ndiyo, mama."

"Na pua unayo?"

Mkopo ukakwama. Yule dada alikwenda nyumbani akamfundisha mumewe wiki nzima, kama unavyomfundisha mtoto jina la shule yake, ndipo Jumatano iliyofuata akapita kwa shida. Tukampigia makofi.

Mwenyekiti ni mtu mzima, mwembamba, ana sauti nzito ambayo ukiisikia kwenye simu unasema shikamoo baba. Biashara yake ilikuwa mapazia ya mtumba. Alikuwa anayajua mapazia kuliko mtu yeyote Temeke, akishika tu kitambaa anakwambia hiki kitapauka, hiki kitadumu mpaka uhame. Lakini kwake madirisha yalikuwa wazi! Alitundika kanga moja upande wa barabarani, basi. Ukimuuliza anasema, "Nikipata zuri, mteja naye analipenda. Sasa nimnyime?"

Na kwenye deni ndiyo usiseme. Huyu mtu aliyekuwa anatusimamia sie wote, ukichelewa marejesho kwa wiki moja anakuja kukaa mlangoni kwako na begi lake mpaka umlipe, huyu huyu alichukua kwangu kopo la siagi ya karanga, ndiyo biashara yangu, akasema atanilipa Jumatano. Jumatano ikapita. Nikamkumbusha.

"Mie mtu mzima, Mama Upendo, nasahau."

"Mbona marejesho ya watu husahau?"

"Hayo nayaweka upande mwingine wa kichwa."

Akalamba kidole, akasema ile siagi ilikuwa tamu sana. Hela sikuiona mpaka nilipomwambia kwamba nami nitakuja kukaa mlangoni.

Mie ni mtu wa kanisa, na kuna mambo yake yalikuwa yananikwaza. Kikao tulikuwa tunafungua kwa dua ya Waislamu na sala ya Wakristo, jambo zuri kabisa. Ila Mwenyekiti hakuwa na subira. Ukianza kumshukuru Mungu kwa pumzi na kwa uzima, ukaingia kwa wagonjwa na wasafiri, unasikia "Amina!" kubwa kutoka mezani, na kikao kimeshaanza. Siku moja nikamwambia, Mwenyekiti, unamkatiza Mungu. Akanijibu, "Simkatizi Yeye, nakukatiza wewe. Yeye alishasikia toka uliposema Baba."

Nilikasirika. Halafu nikiwa nyumbani naosha vyombo, nikacheka peke yangu.

Watu wengine wanauliza, kwani lazima kukopa kwa huyo? Nyie nisikilizeni. Benki nilikwenda. Kijana alinipokea vizuri, akanipa na maji, akaniuliza hati ya nyumba iko wapi. Mie nimepanga vyumba viwili. Akaniuliza gari. Nikamwambia nina kikaango. Tukaagana vizuri. Mikopo ya simu nayo niliiona ilivyomfanya jirani yangu. Alichelewa kidogo tu, ikatumwa meseji kwa kila mtu aliyemo kwenye simu yake, mpaka mchungaji, kwamba huyu ni mdaiwa sugu. Jumapili mchungaji akamwombea mbele ya kanisa zima, tena kwa upendo, jirani yangu akatamani ardhi ipasuke. Na wale wa kausha damu, wanaokuja na karatasi asubuhi na kuondoka na friji yako jioni, hao hata sitaki kuwataja.

Kwa hiyo mlango uliobaki ni kikundi, na funguo za mlango huo anazo Mwenyekiti.

Mie nilikuwa nataka mashine ya kusaga karanga. Ndicho nilichokuwa nataka, sikutaka kingine. Nakaanga karanga mwenyewe, nachambua mwenyewe, lakini kusaga napeleka kwa jamaa mmoja Tandika mwenye mashine. Anachukua hela nzuri, na haoshi mashine. Siku moja alisaga pilipili ya mtu, akafuatisha karanga zangu. Nikajaza makopo yangu, nikasambaza kwa wateja. Kesho yake mwalimu mmoja, mteja wangu wa siku nyingi, akanirudishia kopo. Mtoto wake alipaka kwenye mkate asubuhi, akalia mpaka basi la shule likamwacha. "Mama Upendo," akasema, "kama umeanza kutengeneza achari, ungetuambia." Nilirudisha hela za watu wote. Nikajua bila mashine yangu mwenyewe, hii biashara itakufa, na ndiyo inayonilea.

Nikaomba mkopo. Mwenyekiti akaniuliza, "Mume yuko wapi?"

Hii sheria ya waume, nitawaambia ilivyoanza, maana watu walidhani ni ubabe tu. Zamani hapakuwa na maswali. Mwenzetu mmoja akakopa kwa siri, mumewe hajui. Biashara ikamwendea vibaya. Makubaliano yetu ni kwamba ukishindwa, kikundi kinachukua kitu ulichoandika kuwa dhamana, na yeye aliandika tivii. Basi tukaenda, Mwenyekiti mbele. Mwenye nyumba, yaani mumewe, hayupo. Tukaichukua tivii, ile ya zamani yenye chogo, nzito kama jiwe la kusagia, Mwenyekiti akajitwika kichwani. Tunatoka uani tu, mume huyo anarudi. Anaona nini? Wanawake asiowajua wamebeba tivii yake, na mkewe anawasindikiza.

"Weziiii!"

Mnajua neno hilo likisemwa kwa sauti uswahilini kinachofuata. Sie tulitawanyika, kila mtu na njia yake. Mwenyekiti aliona akiitupa ile tivii atalipa yeye, kwa hiyo alikimbia nayo. Alikimbia nayo kichwani, bila kuishika, kanga inapepea, vijana nyuma na mawe, mpaka akaingia kituo cha polisi na kuiweka kaunta. Askari akamuuliza ana shida gani. Akasema, "Nimeleta dhamana."

Toka siku hiyo mgongo wake haukurudi sawa. Na toka siku hiyo, hakuna mwanamke mwenye mume aliyekopa bila mume kuja kusema kwa mdomo wake kwamba anajua.

Sasa Baba Upendo. Mume wangu si mtu mbaya, nasema mbele za Mungu. Ni fundi wa kuchomelea mageti, hanywi, kodi analipa kwa wakati. Lakini nilipomwambia habari ya kwenda kukaa kwenye kile kiti, aliweka kijiko chini.

"Mie nilikuoa kanisani. Mchungaji aliniuliza maswali yake pale mbele, nikajibu yote. Sasa huyu mwingine ananiuliza kama nani?"

"Ni Mwenyekiti tu, Baba Upendo. Dakika chache."

"Mwambie hilo jimama lenu kwamba nina mageti ya watu."

Alikuwa anamwita jimama, hajawahi kumwona. Kwa jinsi nilivyomsimulia, alijichorea mwanamke mnene, wigi kubwa, pete kila kidole.

Basi kila mzunguko wa mikopo ukifika, naomba. Kila mzunguko Mwenyekiti anauliza mume yuko wapi, nasema yuko kazini, anasema haya, mzunguko ujao. Wenzangu wanapata majokofu, wanapata cherehani, mie nawadhamini, natia hisa zangu, narudi nyumbani na baraka. Nilifunga na kuomba. Siku moja uvumilivu ukanishinda, nikamfuata baada ya kikao.

"Mwenyekiti, sijawahi kuchelewa kuleta hela hata siku moja. Unanijua mie."

"Nakujua. Yeye ndiye simjui. Mambo yakiharibika sitachukua kikaango chako, nitachukua kitu cha nyumba, na nyumba ina mwenyewe. Unataka nikimbie tena? Mgongo ninao huu mmoja."

Alikuwa na haki, na ndiyo iliyoniuma zaidi.

Shoga yangu anayeuza vitumbua ndiye aliyeniletea dawa. Akanivuta pembeni. "Wewe unateseka bure. Wenzio tunakodi."

"Mnakodi nini?"

"Mume."

Kumbe kulikuwa na mpiga debe mmoja wa stendi ya Buguruni, mtu mzima anayeheshimika kwa sura, ana koti lake la kijivu. Unampa nauli na sahani ya pilau, unamweleza biashara yako, anakuja anakaa kwenye kiti, anajibu. Shoga yangu alikuwa keshamtumia, kwa sababu mume wake yuko kwenye meli. Nikamwambia, mwenzangu, mie Jumapili nasimama na kwaya naimba, halafu Jumatano nimwite mpiga debe wa Buguruni mume wangu? Kwani Mungu haijui Buza? Akasema haya, kaa na utakatifu wako na karanga zenye pilipili.

Nikakaa nao.

Haikupita muda, Mwenyekiti akaalikwa na kikundi kingine, cha Mbagala, akawaonyeshe tunavyoendesha mambo. Shoga yangu na mie tulimsindikiza. Ikafika zamu ya waume. Akaingia koti la kijivu. Shoga yangu akanifinya mpaka leo alama ipo. Yule baba alikaa, akajibu kila swali: mke wake anauza batiki, anachukulia wapi, anauza bei gani, faida iko wapi, hasara iko wapi. Hata Mwenyekiti alikuwa anatikisa kichwa kwa kuridhika. Halafu akaegemea mbele, akamwangalia vizuri.

"Shemeji, shikamoo. Si tulikuona Buza?"

Yule baba hata hakupepesa macho. "Marahaba. Buza ni kwa mke mkubwa."

Mwanamke wa batiki, ambaye mpaka dakika ile hajui kama ana mke mwenza, akaitikia, "Ndiyo, mie mdogo." Wanawake wa Mbagala wakampa pole. Shoga yangu, mke mkubwa, ilibidi asimame asalimiane na mwenzie.

Tukiwa njiani kurudi, Mwenyekiti alitoa daftari la mikopo kwenye begi, akatafuta jina. Nikajua shoga yangu kaisha. Mwisho akasema, "Umenidanganya, utalipa faini, na mkopo mwingine usahau mpaka meli irudi." Akafunga daftari. "Lakini nyie, wanaume wote waliokalia kile kiti, yule peke yake ndiye aliyesoma."

Msione ni mtu wa chuma, hata hivyo. Mama ntilie mmoja alishindwa marejesho, Mwenyekiti akaenda akachukua masufuria yake makubwa, kama sheria inavyosema. Kesho yake mchana akapita pale, akamkuta mama wa watu amekaa, jiko limepoa.

"Mbona hupiki?"

"Nipikie nini, Mwenyekiti? Masufuria unayo wewe."

Akasonya, akaondoka, akarudi na masufuria kwenye bajaji. "Nakukodisha," akasema. "Kodi ni sahani moja ya wali kila siku, na maharage yasiwe mabichi." Akawa anakwenda kula kodi yake kila mchana, akimaliza anahesabu na wateja, mpaka deni likaisha. Alinenepa kidogo mwaka ule.

Mwaka jana mgongo ulimzidi. Akahamia Chanika, kwenye nyumba aliyoijenga tofali kwa tofali, anaishi na mkwe wake. Vikao anaendesha katibu, lakini uenyekiti hajauachia, na neno la mkopo linatoka kwake, kwa simu. Nikaona si vizuri, mtu tumekaa naye miaka yote, nisiende kumpa pole. Nikachukua makopo mawili ya siagi. Baba Upendo akasema atanipeleka na pikipiki.

"Nakupeleka, lakini mie siingii. Nitasubiri nje."

Tukafika. Akaegesha chini ya ukuta, mie nikaingia. Mkwe akanikaribisha barazani, akasema mama yuko shambani ng'ambo ya barabara, anapalilia mihogo, anakuja sasa hivi. Wagonjwa wa mgongo wa Chanika! Nikakaa. Geti lilikuwa limeachwa wazi kidogo, na ukuta si mrefu. Nikasikia mume wangu anasema:

"Shikamoo mama."

"Marahaba baba. Mbona umesimama juani?"

Ile sauti. Nikainuka, nikachungulia. Mwenyekiti alikuwa na gauni lililochanika, tope mpaka kwenye ugoko, kofia ya ukindu, jembe begani. Baba Upendo alikuwa kaligeuzia uso geti, analitazama kama daktari anavyotazama jipu.

"Nani kawachomelea hili geti, mama? Huyu kawaibia."

"Fundi wa huku huku. Wewe umemleta nani?"

"Mke wangu. Kaja kumwona mwenyekiti wao, wa mikopo."

Nikataka kutoka. Mwenyekiti aliniona, akaweka mkono nyuma ya mgongo akanipungia: kaa.

"Na wewe mbona huingii?"

"Thubutu! Yule mama nasikia akikuona tu, maswali. Mie mtu mzima, nina wateja wananiheshimu, nikakae kwenye kiti cha mtoto niulizwe bei ya karanga?"

"Kwani karanga bei gani siku hizi?"

"Mama wee, usiseme! Zimepanda." Akaacha geti, akaanza. Akataja bei ya kilo Tandika, akataja bei ya Buguruni, akasema mke wangu ananunua Tandika kwa sababu za Buguruni zina mchanga. Akasema anaamka alfajiri kukaanga na moshi wote unaishia kifuani kwake yeye. Akasema kopo dogo linatoka bei gani, kubwa bei gani, mteja gani analipa na yupi analeta hadithi. "Faida yote inakwenda kwa yule jamaa wa mashine. Na alimsagia pilipili! Mie ningekuwa na hela ningemnunulia hiyo mashine kesho. Stendi yake nimeshaichomelea, iko karakana, nimeifunika na turubai. Nasubiri tu."

Stendi mie nilikuwa siijui. Nikakaa chini taratibu.

"Sasa akikopa," Mwenyekiti akasema, "akashindwa, wakaja kuchukua hii pikipiki yako?"

Akaitazama pikipiki. Kuku wakapita.

"Pikipiki itaniuma," mume wangu akasema. "Waichukue. Lakini hashindwi yule. Humjui, mama. Alikuwa anasoma masomo ya jioni na ujauzito, mvua inanyesha, anavua viatu anapita kwenye maji, anarudi, ananisomea mie alichojifunza. Marejesho ndiyo yamshinde?"

Mwenyekiti akaegemeza jembe ukutani, akaingia, akanipita bila hata kunisalimia, akachukua simu kwenye kikapu, akapiga kwa sauti ya chini.

"Katibu. Mama Upendo mwandikie mashine. Ndiyo. Mume nimemsikia. Kajibu yote, mpaka nisiyomuuliza." Akakata. Mie machozi yalikuwa yanatiririka. "Machozi peleka kanisani," akaniambia, lakini aliangalia pembeni, akajifuta na yeye kwa ukingo wa kofia. "Sikia. Sheria ni ile ile. Mume lazima ajue. Jioni nampigia mumeo mwenyewe, nikikuta hujamwambia, nafuta."

Akapokea makopo yake. Hakulipa.

Nilitoka, nikapanda pikipiki, nikamshika mume wangu kiuno. Tukaenda mpaka lami ilipoanza. Hapo akageuza kichwa kidogo, akapaza sauti kushinda upepo:

"Umeongea naye jimama lako?"

"Nimeongea naye."

"Mie nimeongea na yule bibi kibarua wao wa shambani. Yule ana akili! Anasikiliza mtu. Yule ndiye angekuwa mwenyekiti wenu, ningeshakwenda zamani, na mashine ungekuwa nayo."

Nikamgonga begani.

"Baba Upendo," nikasema, "weka pikipiki pembeni."